Linux ni Bure, Bando Si Bure: Distro Nilizozipanga kwa Ulaji wa MB

Tangu Microsoft ifunge huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ujumbe ninaoupokea ni wa aina moja. Mtu ana laptopu yake ya ex-UK, yaani mtumba kutoka Uingereza, EliteBook 840 G3 au ThinkPad ya rika hilo, nzima kabisa, ila Windows 11 imeikataa kwa kuwa prosesa yake ni ya kizazi cha 6 na wao wanaanzia kizazi cha 8. Akaambiwa aweke Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, ni bure. Akaweka. Msomaji mmoja wa Kisauni, hapa Mombasa, anasema alijiunga bando la wiki usiku, asubuhi akalikuta limekwisha, na YouTube hakuifungua hata mara moja. Anauliza kama laptopu ina jini.

Haina jini. Ina apdeti.

Miongozo mingi ya distro, yaani aina mbalimbali za Linux, hukwambia ipi nzuri machoni, ipi nyepesi, ipi inafanana na Windows. Hayo sitayagusa sana. Ukitaka kujua sura gani itakupendeza, iweke kwenye fleshi, washa laptopu kutoka humo bila kuinstoli chochote, uichezee jioni nzima. Macho ni yako. Kinachoachwa kila mara ni MB, kwa sababu wengi wanaoandika miongozo hiyo wako kwenye nchi ambazo intaneti inatoka ukutani kama maji ya mfereji (na sisi hata hayo maji yana siku zake). Kama una faiba nyumbani, pokea hongera zangu, waachie wenzio makala haya. Sisi wengine twaishi kwa hotspoti ya simu na MiFi, kile kisanduku kidogo cha laini kinachotoa Wi-Fi.

Tatizo lenyewe liko hivi. Karibu kila distro ya nyumbani hutumia programu iitwayo NetworkManager kushika Wi-Fi. Ndani yake kuna alama moja inayosema kama mtandao huu unalipiwa kwa kipimo au la. Ukiunganisha hotspoti ya simu ya Android, simu yenyewe hutuma ishara kwamba data hii inahesabiwa, na NetworkManager huipokea na kukisia vizuri. Lakini MiFi, pamoja na vile visanduku vya 4G na 5G tunavyoviweka dirishani, mara nyingi havitumi ishara yoyote. Kompyuta ikaona hii ni Wi-Fi kama ya ofisi yoyote, ikaanza kuvuta.

Kwa hiyo kabla ya distro yoyote, jifunze kuweka alama hiyo mwenyewe. Kwenye GNOME, moja ya sura za Linux (menyu na madirisha yake), ingia mipangilio ya Wi-Fi, fungua maelezo ya mtandao wako, kuna swichi ya kusema una kikomo cha data. Kwenye Cinnamon na Xfce, sura nyingine, fungua orodha ya miunganisho, chagua jina la MiFi yako, kwenye kichupo cha mambo ya jumla utakuta chaguo la mtandao wa kipimo: weka ndiyo. Anayependa kuandika amri, ni mstari mmoja:

nmcli connection modify "JinaLaWiFi" connection.metered yes

Alama hii ni adabu tu, si ukuta. Programu yenye heshima itaiuliza kabla ya kuvuta, isiyo na heshima itaipita. Ndiyo maana nimezipanga distro kwa heshima hiyo.

Ya kwanza: Linux Mint, sura ya Cinnamon

Sifichi, mimi ni mtu wa Mint, na wanaonifuata wameshazoea. Toleo la 22 limejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na litahudumiwa hadi 2029, kwa hiyo hutahamishwa kila mwaka. Faili la kuinstoli ni karibu GB 3. Lakini sababu yangu hasa ni dirisha lake la apdeti.

Dada yangu wa Bamburi ni fundi cherehani, anaweka hesabu za wateja wake kwenye LibreOffice, na hana hamu wala muda wa kujifunza kompyuta. Pembeni chini ya skrini yake kuna kingao kidogo. Apdeti zikiwepo, kingao kinaweka alama, kisha kinanyamaza. Hakivuti apdeti yoyote. Akikibofya anaona orodha, kila apdeti na ukubwa wake, na chini kabisa jumla: umechagua kadhaa, MB kadhaa. Nilikuwa naye orodha ilipoleta jumla ya kutisha, na tulipoipanga kwa ukubwa tukakuta mzigo karibu wote ni kifurushi kimoja, linux-firmware. Hicho hubeba programu za vifaa vya kila namna, kadi za Wi-Fi na za michoro ambazo laptopu yake haijawahi kuziona, na peke yake hufika mamia ya MB. Akakitoa tiki, akachukua za usalama tu, ambazo zina alama yake na kwa kawaida ni ndogo. Firmware ataivuta siku akija kwangu. Sijaona distro nyingine inayompa mtu wa kawaida bei kabla ya kununua, waziwazi namna hiyo.

Jambo la pili: tangu toleo la 20, mwaka 2020, Mint ilizuia Snap. Nitaieleza Snap tukifika kwa Ubuntu, sasa jua tu kwamba Firefox ya Mint huja kama kifurushi cha kawaida, na husubiri ruhusa yako kama vingine vyote.

Hapa pana mtego mmoja, na wamenasa wengi. Kwenye duka la programu la Mint, programu nyingine zina namna mbili, kifurushi cha mfumo na Flatpak, namna nyingine ya kufungasha programu, kutoka duka liitwalo Flathub. Kuna kichaguzi kidogo tu pale juu. Flatpak ya kwanza utakayoichukua huja na msingi wake mzima, yaani kikokotoo cha MB chache kinaweza kukokota mamia ya MB nyuma yake. Chagua kifurushi cha mfumo kila kinapopatikana. Na usiguse sehemu ya kujiendesha kwenye mipangilio ya apdeti. Imekuja ikiwa imezimwa, iache izimwe.

Cinnamon yenyewe? Menyu kushoto chini, saa kulia, madirisha yana vitufe vyake vitatu. Aliyetoka Windows 7 hatauliza swali. Laptopu yako ikiwa na RAM ya GB 4, chukua Mint ya Xfce, dirisha la apdeti ni lile lile.

Ya pili: Debian 13 na Xfce

Debian ilianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, na Ubuntu na Mint zote zimetoka tumboni mwake. Toleo la 13 lilitoka Agosti 2025. Ikishatulia haibadiliki ovyo: apdeti ni za usalama na marekebisho, kwa hiyo mwezi unaweza kupita bando halijatikisika sana. Jambo jingine zuri kwetu ni kwamba unaweza kuvuta diski yao ya kwanza ya DVD, karibu GB 4, mahali penye intaneti ya bure, kisha ukainstoli nyumbani bila kuunganisha mtandao hata kidogo. Tangu toleo la 12 firmware za Wi-Fi zimo ndani, ile shida ya zamani ya kuhitaji intaneti ili upate intaneti imepungua sana.

Mbona basi si ya kwanza? Kwa sababu haimpokei mgeni. Ukiweka nenosiri la root (mkuu wa mfumo) wakati wa kuinstoli, jina lako halitaingizwa kwenye sudo (ruhusa ya kutoa amri za mkuu), na amri zako za kwanza zitakataliwa. Ukiinstoli kwa DVD, baadaye apt, programu inayovuta vifurushi, inaweza kukuomba uingize diski ambayo haipo, mpaka ufute mstari wa cdrom kwenye orodha ya vyanzo. Kwa dada yangu, hapo ndipo laptopu ingerudi kwenye mkoba wake. Kwa kijana anayetaka kujua mambo yanavyokwenda, ni ya kwanza.

Ya tatu: Fedora KDE

KDE Plasma ndiyo sura nzuri kuliko zote, hata mimi wa Mint nakubali, na programu yake ya apdeti, Discover, hukwambia zipo na kukuachia uamuzi. Shida ni Fedora yenyewe. Toleo jipya kila miezi 6, na kila toleo huhudumiwa miezi 13 hivi, basi kila mwaka una hamahama ya GB kadhaa. Katikati yake kernel mpya (kiini cha mfumo) hazikauki. Ukitaka Plasma na una njia ya kwenda kwenye Wi-Fi ya chuo au ya kazini mara kwa mara, ichukue. Fedora ya GNOME nimeiweka chini zaidi kwa sababu duka lake hupenda kuvuta apdeti kimya kimya kisha likuombe uzime na kuwasha upya. Alama ya kipimo inaiheshimu, nisiisingizie. Usipoiweka, shauri yako. Na ile tabia ya GNOME ya kukuachia kitufe cha kufunga dirisha peke yake, sijaizoea.

Ya nne: Ubuntu

Hii inaniuma, maana Ubuntu ndiyo iliyotufungulia mlango wengi wetu. Ni ya Mwafrika mwenzetu, Mark Shuttleworth, ilianza 2004, na hadi 2011 walikuwa wakikutumia CD kwa posta bila senti. Kampuni iliyojua kwamba kuna watu wasioweza kuvuta MB 700 leo ina faili linalokaribia GB 6.

Na humo ndani kuna Snap. Ni namna yao ya kufungasha programu, na Firefox ya Ubuntu ni Snap. Snap huangalia apdeti mara 4 kwa siku na kuziinstoli bila kukuuliza. Faili la Firefox peke yake limezidi MB 200, na ingawa mara nyingine huvuta mabadiliko tu, kuna mizigo mingine ya msingi inayokwenda nayo. Juu yake kuna apdeti za usalama za apt zinazojiendesha zenyewe. Msomaji wangu wa Kisauni alikuwa na Ubuntu na MiFi isiyo na alama. Tuliisimamisha hivi:

sudo snap refresh --hold

Hiyo husimamisha zote mpaka utakapovuta mwenyewe. Ukitaka zisubiri pale tu mtandao unapokuwa wa kipimo, ni hii:

sudo snap set system refresh.metered=hold

Kubuntu ina sura ya Plasma lakini Snap ni zile zile. Kwa hiyo Ubuntu si mbovu. Inataka mlinzi.

Zilizobaki

Arch na Manjaro: mzigo wa apdeti hauishi, na ukikaa muda mrefu bila kuvuta unaweza kukwama hata kwenye funguo za kuhakiki vifurushi. Si za bando. Lubuntu, antiX na Puppy ni za mashine iliyochoka kabisa. Zinafanya kazi, basi.

Sasa niseme la moyoni. Mwaka 2009 nyaya za intaneti za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilipanda nchi kavu hapa hapa Mombasa, na nyingine zimefuata. Intaneti ya nchi nzima na ya majirani inapita chini ya miguu yetu, lakini mtu wa Likoni bado ananunua data kwa kipande, yenye saa ya kufa, na isipokwisha usiku inazimwa. Kisha mafundi wa mjini nao. Unampelekea laptopu akuwekee Linux, anakutoza kazi, sawa, kazi ni kazi. Halafu anakwambia, "Mama, niwashie hotspoti yako kidogo tu nimalizie." Hicho kidogo ni apdeti zote za tangu toleo litoke. Mwambie mapema aje na faili jipya la toleo la karibuni, na apdeti aache. Ukiweza, lete fleshi yako mwenyewe.

Kwa fleshi, ya GB 32 yatosha. Weka Ventoy ndani, programu ya kuwashia kompyuta kutoka kwenye fleshi, kisha nakili mafaili ya distro mbili tatu kama unavyonakili nyimbo, na kila unapowasha itakuuliza ipi. Ukivuta faili, tumia amri ya wget -c, stima ikikatika utaendelea ulipoishia badala ya kulipa tena, kisha hakiki kwa amri ya sha256sum kwamba faili limefika zima kabla ya kuinstoli. Unapojaribu kutoka kwenye fleshi, usiongeze programu, maana ukizima zinapotea zote na MB zake.

Fleshi zenyewe mjini zimejaa za uongo: imeandikwa 64 nje, kompyuta inaonyesha 64, ndani ni 8, na ikijaa inaandika juu ya mafaili yako kimya kimya. Kuna programu ndogo iitwayo f3, imo kwenye hazina ya Mint na Debian. Endesha f3write kwenye fleshi tupu, kisha f3read, itakwambia kilicho kweli. Fanya hivyo siku ile ile uliyonunua, na dai risiti, kwa sababu duka moja lilinitazama usoni likaniambia fleshi hiyo si yao, nimeinunua Kongowea.