Shanta la lita 40, baada ya kukosea mara moja

Begi langu la kwanza la safari lilinifedhehesha kwenye boti. Nililifungua nitoe mtandio, ukatoka umejaa vijipande vyeupe kama mba. Nikaukung'uta, vikazidi. Ule utando wa plastiki unaopakwa ndani ya kitambaa ili kuzuia maji ulikuwa unabanduka begi zima, na harufu yake chachu, kama soksi iliyolala ndani ya kiatu. Mama mmoja mtu mzima aliyekaa pembeni yangu aliangalia yote yale kwa utulivu, kisha akasema, "Mwanangu, hilo begi lako linajivua gamba."

Lilikuwa la mtumba, lita 65, shilingi 45,000. Kwa nje lilikuwa zuri ajabu. Ndilo lililonifundisha kwamba sisi wa visiwani tuna adui ambaye wanaoandika juu ya mabegi huko Ulaya hawamtaji sana: unyevu. Utando ule mara nyingi ni wa poliyurethani, nayo ikikaa kwenye joto na hewa yenye maji huvunjika pole pole hata kama begi halijawahi kubebwa. Kwanza unanata, kisha unanuka, mwisho unapukutika. Begi lililokaa miaka kadhaa kwenye kabati la mtu kisha likaja kumalizia maisha Unguja tayari lina ugonjwa huo. Hakuna fundi wa kuutibu. Nimejaribu kulisugua, nimejaribu kulianika, mwisho nimelifanya la kuwekea makaa.

Kosa la pili lilikuwa langu mwenyewe. Nilichagua ukubwa kwa macho, nikiona lita nyingi ndiyo faida. Begi likawa refu kuliko mgongo wangu, mkanda wa kiuno ukawa unanikalia makalioni, uzito wote ukaning'inia mabegani. Nilitoka bandarini Mkoani, kule Pemba, hadi kwenye gari za Chake Chake nimeinama kama mpagazi wa karafuu, na ndani hamna hata kilo kumi.

Basi safari hii nilianza na mgongo kabla ya sokoni. Namna ya kuupima ni rahisi. Unainamisha kichwa, kuna mfupa unaojitokeza chini ya shingo, hapo ndipo mwanzo. Kisha unashika kiuno mikono miwili, vidole gumba nyuma, juu kabisa ya mifupa ya nyonga. Usawa wa vidole gumba ndio mwisho. Mdogo wangu alinipima kwa futi ya cherehani, ikifuata mpindo wa uti wa mgongo. Sentimita 44. Ukishaijua namba hiyo, nusu ya mabegi sokoni unayapita bila majuto. Urefu wa mtu si kitu: mdogo wangu ananizidi kimo, lakini mgongo wake ni mfupi kuliko wangu, urefu wake wote uko miguuni.

Ukubwa niliusuluhisha kwa kupanga vitu kitandani. Begi la skuli la lita 20 linanitosha kwa Jozani asubuhi na kurudi, si kwa siku nne za baridi. La lita 60 na zaidi ni mwaliko wa kubeba usichohitaji, na ukipanda zile ndege ndogo za Pemba, ambazo kwa kawaida zinataka begi laini la kilo 15, unaanza kubishana kwenye mizani. Kati ya 35 na 45 ndipo nilipopataka. Kwa wasiojua, kampuni nyingi huweka lita kwenye jina lenyewe la begi. Osprey Farpoint 40, kwa mfano, ile 40 ndiyo lita, kwa hiyo hata begi la mtumba lisilo na karatasi unaweza kulisoma.

Soko la Darajani nilikwenda mchana nikitoka kununua vitu vya nyumbani. Nimesimama mbele ya lundo, muuzaji ananionesha yale makubwa yenye mifuko kumi na nane. Kulikuwa na moja zuri kweli, kitambaa kigumu, zipu safi, lakini la mabaka ya jeshi, nikalirudisha palepale. Mavazi na vifaa vinavyofanana na vya jeshi raia haruhusiwi kuwa navyo, na sitaki kuvuliwa begi barabarani vitu vyangu vikabaki mikononi.

Nililolichukua lilikuwa chini kabisa, rangi ya kijivu iliyopauka, nembo imeng'oka nusu. Nikaligeuza ndani nje. Nikapitisha kidole gumba kwenye kitambaa: kikavu, hakinati. Nikatia pua ndani, muuzaji akacheka. Nikavuta kila zipu mara tatu. Halafu nikatia ndani mchele wangu kilo tano, sukari kilo mbili na chupa ya mafuta, nikalivaa, nikaanza kutembea katikati ya watu.

"Dada, unanunua begi au unahama?"

"Nanunua begi, kaka. Subiri nifike pale kwenye ndizi nirudi."

Kwenda na kurudi kwenye ndizi kulinieleza kuliko mazungumzo yote. Mkanda wa kiuno ulikaa juu ya mifupa ya nyonga, nikaukaza, nikalegeza mikanda ya mabega, na uzito ukashuka. Kweli nilihisi mabega yanapumua. Huko kiunoni ndiko sehemu kubwa ya mzigo inatakiwa ikae. Mgongo wa begi una fito mbili za alumini na kipande cha velkro kinachopandisha na kushusha mikanda ya mabega, kwa hiyo nikairekebisha hadi namba yangu. Alianzia laki moja, tukaishia 70,000, na mchele ukarudi nyumbani mgongoni.

Jaribio la kweli lilikuwa Usambara. Tulikwenda walimu wanne, boti hadi Dar, basi hadi Mombo, kisha ile njia ya kuzunguka mlima kama kilomita 33 hadi Lushoto. Kutoka hapo tulitembea siku tatu na mwongozaji wetu kupita msitu wa Magamba, Lukozi, Rangwi, hadi Mtae, pale ambapo ardhi inakatika ghafla na chini unaiona nyika ya Mkomazi. Kwa sisi tuliozaliwa Unguja, kisiwa kisicho na mlima, kupanda saa mbili mfululizo ni habari mpya kwa magoti.

Nilibeba kilo tisa pamoja na lita mbili na nusu za maji. Maji ndiyo uzito wenyewe, kila lita ni kilo, kwa hiyo niliyaweka katikati, yamegusana na mgongo, usawa wa mabega, na sweta na nguo za kulalia chini. Siku ya kwanza mwenzangu mmoja aliweka maji kwenye mfuko wa nje kabisa, akawa anavutwa nyuma kila tunapopanda. Tulipompangia upya penye mawe karibu na Lukozi, alitembea mtu mwingine.

Sasa hili sijalisoma popote, nikaligundua mwenyewe kwa taabu. Baibui la kitambaa cha kuteleza na mkanda wa kiuno havielewani. Kila hatua ishirini mkanda unapanda juu kidogo, ukifika tumboni haubebi tena kitu, unabana tu. Siku ya pili nilivaa gauni refu la pamba na suruali ndani, mkanda ukatulia kama umeshonewa. Na mtandio: ukivaa begi juu ya mtandio uliolala mgongoni, kisha ukainama, unavutwa kichwa nyuma kama mbuzi aliyefungwa. Lazima uutoe wote juu ya mikanda kabla ya kufunga ule mkanda mdogo wa kifuani, au uvae ushungi mfupi. Nimeona mikanda ya kifuani isiyopanda wala kushuka. Kwa mwanamke hiyo ni kasoro kubwa, usiinunue hata ukipewa bei ya kutupa. Ya hili langu inapanda na kushuka kwenye reli, namshukuru aliyeitengeneza.

Mvua ilitukuta Magamba. Begi lina kifuniko chake cha mvua chini, kwenye kijifuko cha zipu, nikakivuta kwa maringo. Kilifanya kazi mbele na pembeni, lakini kifuniko hakiwezi kufunika upande unaogusana na mgongo wako, na maji yaliyoshuka kwenye shingo yangu yaliteremka hukohuko, yakaingia kupitia mishono ya sponji. Tulipofika kwa masista wa Rangwi kulala, nusu ya nguo zilikuwa na unyevu, na baridi ya huko haina mzaha. Tangu hapo vitu vyote vinaingia kwanza kwenye mfuko mmoja mkubwa usiopitisha maji, ule wa kukunja mdomo mara tatu na kufunga klipu, kama wanaotumia wazamiaji. Mifuko ya plastiki tulishaizoea kuikosa Zanzibar kabla hata Bara hawajaipiga marufuku tarehe 1 Juni 2019, na kusema kweli ilikuwa inachanika tu.

Mgongo wa begi ni sponji yenye mfereji katikati. Nikitaka kulalamika, hapa ndipo. Lushoto sikuona shida, lakini Pemba mwezi wa pili, nikitembea kutoka Konde kwenda Ngezi, mgongo ulirowa kama nimemwagiwa ndoo, na begi lilipokauka likabaki na michirizi myeupe ya chumvi. Yapo yenye wavu uliovutwa kama upinde, hewa inapita kati yako na begi. Kwa joto letu ningechagua hayo kama ningepata la kipimo changu, ingawa upinde ule unakula nafasi ya ndani na unausogeza mzigo mbali na mgongo.

Kwa Ngezi lita 40 ni kubwa, niseme ukweli. Njia ni tambarare, unakwenda kuangalia miti, vima na, ukiwa na bahati, popo wa Pemba, kisha unatokea pwani ya Vumawimbi. Nilikuwa na maji, kanga, chakula na viatu vya kubadili. Begi lisilojaa linachezacheza mgongoni. Mikanda ya kubana ya pembeni ilisaidia, nikalikaza hadi likawa bapa kama mkate wa kumimina.

Kurudi hakukuwa bapa. Shangazi yangu yuko Konde, na kwa shangazi mtu haondoki mikono mitupu.

"Mwanangu, begi kubwa hivyo na hii halua haliingii?"

"Itaingia, shangazi."

Iliingia, ndani ya kikapu chake cha ukili, chini kabisa. Ningeiweka juu. Jua la gari, joto la boti, samli ikatoka, na sasa sakafu ya begi ina doa la rangi ya dhahabu ambalo sabuni tatu hazikulitoa. Kitambaa hakikudhurika. Kila nikilifungua nasikia iliki, na siwezi kusema nimeudhika.

Kuhusu matunzo, chumvi ndiyo kazi. Baada ya safari ya boti iliyoturushia maji, niliacha begi siku tatu bila kulisuuza. Kichwa cha zipu ya juu kikaganda, kikaota unga mweupe. Kililegea kwa maji baridi, mswaki wa zamani na kusuguliwa kwa mshumaa meno yote ya zipu, lakini sasa nalisuuza siku ileile na kulianika kivulini, kwani jua kali linakula nailoni. Haliingii kabatini. Linatundikwa ukumbini kwenye msumari, zipu wazi, lipate upepo. Mama ameshazoea, ingawa wageni wakiuliza anawaambia, "Hilo shanta la huyo askari wangu."

Yaliyoharibika kwa mwaka mmoja na zaidi: klipu ya kiuno imekatika sikio moja, ilibanwa na mlango wa daladala, kosa si la begi. Fundi viatu wa mtaani alinitolea klipu kwenye begi bovu, akaishona kwa uzi wa nailoni, shilingi 3,000. Mfuko wa wavu wa pembeni una tobo la ukubwa wa kidole, kwa miiba ya Ngezi. Kile kidude cha kushikia fimbo sijawahi kukitumia, sijui hata kinafungwaje. Mfuko wa mkandani ni mdogo, simu yangu haiingii, naweka kashata.

Mdogo wangu ameliomba kwa safari yake ya Lushoto Agosti. Nimemshushia velkro hadi 41, nikampa mchele kilo tano, nikamwambia atembee hadi msikitini na kurudi. Alirudi akasema bado linambana mabega. Nikalitazama: alikuwa amevaa baibui.