Mkweche wa baada ya kiama: Honda CG125, weldi isiyo na gesi na makolokolo mengine

Nianze na hukumu kabisa, kwa ajili ya wasio na subira. Kama unataka kujijengea nyumbani pikipiki yenye sura ya dunia iliyokwisha kuungua, yaani kutu, mabati yaliyobonyea, ekzosi iliyofungwa vitambaa na sanduku la risasi ubavuni, tafuta Honda CG125 iliyochoka. Mimi yangu nimeijenga juu ya hiyo, naipanda, na sijutii. Vitu nilivyonunua kuipamba navyo vitapata haki yake humu, vingine kwa kusifiwa, vingine kwa kuvuliwa nguo.

Watu wakiona picha za mashine za namna hii, hasa zinazotoka Wasteland Weekend, lile tamasha linalofanyika tangu 2010 kwenye jangwa la Mojave kule California na ambako huingii bila mavazi ya kiama, hudhani lazima waanze na injini kubwa ya silinda mbili. Zinatisha, sikatai. Lakini injini nzito inataka fremu nzito, inataka winchi, inataka mtu wa pili wa kukushikia. Mimi sina karakana. Nina ua, meza ya mbao, jiliwa lililofungwa kwenye kona ya meza, grainda na boksi la spana. Injini ya CG naishusha peke yangu na kuipandisha mezani bila kumwita mtu, na kwa anayefanya kazi usiku baada ya majukumu mengine hilo ni jambo kubwa kuliko nguvu za farasi hamsini.

Sifa ya pili ni kwamba ukakamavu wake si wa kuigiza. Honda waliitoa 1976 kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubebeshwa kupita kiasi, hupita vumbini na matopeni, na oili hubadilishwa siku mwenyewe akikumbuka. Ukiifungua unaona kweli waliyafikiria hayo. Injini ni ya cc 124, silinda moja, ya kupozwa kwa hewa. Pikipiki nyingi za Honda za wakati ule ziliwekewa kemshafti, ule mhimili unaofungua valvu, juu ya kichwa cha silinda, ikizungushwa kwa cheni. Hapa wakaibakiza chini, wakaizungusha kwa gia, nayo ikawa inasukuma valvu kwa fito ndefu. Kwa hiyo hakuna cheni ya taimingi, ile ya kupanga wakati wa valvu kufunguka, ya kulegea na kuanza kulia, na kichwa cha silinda unakifungua bila kuivuruga taimingi. Nafasi ya tapeti, yaani upenyo kati ya valvu na kinachoisukuma, ni milimita 0.08 injini ikiwa baridi, valvu zote mbili, kazi ya spana moja na fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia upenyo. Filta ya oili ya karatasi haimo kabisa: kuna wavu wa kuchuja na kikombe kinachozunguka na kuutupa uchafu pembeni. Oili yenyewe ni takriban lita moja.

Muundo huu umenakiliwa na viwanda vingi, hasa vya China, ndiyo maana pistoni, gasketi, kabureta na sahani za klachi hazikusumbui kuzipata. Mtu anayejenga pikipiki ya kiama halafu anasubiri kipuri cha kuagizwa kutoka ng'ambo nadhani hakuelewa alichokuwa akikijenga.

Sasa nije kwenye bati linalofunika cheni, kwa sababu hapo ndipo ninapogombana na wenzangu. Matoleo mengi ya CG yana cheni iliyofungiwa yote ndani ya bati. Kila anayeanza mtindo huu hulitoa siku ya kwanza, eti linafanana na baiskeli ya babu. Usilitoe! Hilo bati ndilo linalofanya cheni idumu muda mrefu bila kuguswa, maana mchanga hauingii na grisi haitoki. Mimi nimelipiga nyundo hapa na pale, nikalichora kwa grainda mistari ya kama kucha, nikalitia kutu. Sasa hivi ndiyo sehemu ambayo watu huinama kuitazama kwanza. Kasoro yake ni moja: linapunguza nafasi ya tairi la nyuma. Kama ndoto yako ni tairi pana sana, itabidi uchague.

Udhaifu wa CG ni breki na uzito unaoweza kuuongeza. Nguvu yake ni ya farasi kati ya 10 na 12, kutegemea toleo, na breki kwenye matoleo mengi ni za dramu mbele na nyuma. Kwa pikipiki iliyotoka kiwandani, isiyofika kilo 120, zinatosha. Lakini mtindo huu una ugonjwa wa kuongeza vyuma: mnyororo hapa, bamba pale, fuvu la bati juu ya taa. Kila kilo unayoifunga inabidi isimamishwe na viatu vile vile vya breki. Sheria niliyojiwekea ni kwamba hakipandi kitu mpaka kitu kingine kimeshuka. Madigadi ya kiwandani, vifuniko vya ubavuni, keria, vyote vilitoka kwanza. Na chukua toleo la volti 12. Ya zamani ya volti 6 ina taa ya kumulikia miguu yako mwenyewe.

Jerikeni la chuma la lita 20, lile lenye mishikio mitatu juu lililobuniwa Ujerumani miaka ya 1930, ni mfano mzuri wa ugonjwa huo. Linapendeza mno. Lakini likijaa petroli ni karibu kilo 20, upande mmoja wa pikipiki ndogo, na kona ya kwanza utaijutia. Nimelitumia likiwa tupu, limepasuliwa ubavu mmoja na kuwekwa bawaba, likawa kabati la koti la mvua. Ila liwe jipya kabisa, ambalo halijawahi kutiwa mafuta. Jerikeni au tangi lililowahi kubeba petroli usiliguse kwa grainda wala weldi hata kama umeliosha na kulianika wiki nzima. Mvuke uliobaki kwenye mikunjo unatosha kukurusha ukutani.

Kifaa kilichonifurahisha kuliko vyote ni mashine ndogo ya weldi isiyotumia gesi. Chapa yake siitaji kwa sababu nyingi za ukubwa huo zinafanana mpaka vitufe. Inatumia waya wa milimita 0.8 wenye unga ndani. Unga huo ukiungua ndio unaotoa moshi wa kuilinda chuma iliyoyeyuka, kwa hiyo huhitaji mtungi na upepo wa uani haukusumbui sana. Kwa mtindo huu ni chaguo sahihi kwa sababu ya kuchekesha: mshono wake una vidonge na matone, unafanana na kazi ya mtu aliyekuwa anakimbizwa, na hicho hasa ndicho tunachokitafuta.

Lakini kuna jambo ambalo maelezo ya kwenye boksi yanalipitia juu juu. Waya wa unga unataka bunduki, yaani kishikio kinachotoa waya, iwe kwenye hasi na klempu ya ardhi, ile inayobana chuma unachochomelea, kwenye chanya. Baadhi ya mashine, zile zinazokubali waya wa aina zote mbili, hutoka kiwandani zikiwa zimefungwa kinyume, kwa ajili ya waya unaotumia gesi. Ukiacha hivyo, matone yatarukia kila mahali na mshono utakaa juu ya chuma bila kuzama. Fungua kifuniko, badilisha nyaya mbili, kazi ya dakika chache, na mashine uliyotaka kuirudisha dukani inakuwa mashine nyingine.

Usitosheke na sura, kwa sababu mshono mbaya wa sura na mshono dhaifu huwezi kuutofautisha kwa macho. Mimi huunga vipande viwili vya chakavu vya unene ule ule, nakibana kimoja kwenye jiliwa, nakipiga kingine kwa nyundo mpaka kipinde. Kikipinda chuma na mshono ukabaki, naendelea. Ukibanduka, naongeza moto au napunguza mwendo wa mkono. Bati la milimita 1 au 1.2 nalo lina shida yake, linatoboka ukizubaa, basi choma nukta, pumzika, choma nukta.

Kabla ya kuwasha, toa betri na ichomoe CDI, kile kisanduku cha umeme cha kuwasha plagi. Klempu ya ardhi ibane karibu kabisa na unapochomelea, umeme usije ukapitia kwenye beringi kutafuta njia. Bomba lenye zinki lisage hadi liwe chuma kitupu, la sivyo usiku utatetemeka kama mwenye malaria. Na fremu yenyewe, hasa shingoni pale usukani unapoingia na pale mkono wa nyuma, ule unaoshika tairi, unapofungwa, iache kama ilivyo. Kila nilichoongeza kimekaa kwenye vishikizo vilivyofungwa kwa bolti kwenye matundu ya zamani. Namba ya fremu nayo isiguswe. Mkaguzi hajali sanaa.

Kutu. Hapa kuna rangi za kopo zinazouzwa kwa jina la kutu, na mimi nilinunua moja. Ukiwa mbali kidogo inadanganya. Ukikaribia ni rangi ya kahawia iliyotiwa mchanga, basi. Kutu halisi ni rahisi zaidi na ni ya kweli: kwangua bati mpaka ling'ae, ondoa grisi yote, nyunyiza siki nyeupe iache ikauke, halafu nyunyiza mchanganyiko wa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kusafishia vidonda, mililita 480, siki mililita 60 na chumvi gramu kama 8. Juani kutu inachipuka ukiwa umesimama unatazama. Rudia mpaka uridhike, suuza, kausha, kisha funga kwa vanishi isiyong'aa. Fanya nje, ukiwa na miwani na glavu, maana siki na peroksaidi zikikutana huzaa asidi inayokereketa macho na koo. Kinachobaki kimwage. Ukikifungia kwenye chupa, gesi itaipasua.

Mipaka ya kutu naishika kama sheria: haigusi spoku, miguu ya foki, nyuzi za bolti, mikono ya breki wala cheni. Nimeona picha za watu walioozesha rimu makusudi, wakapigiwa makofi. Mimi nisingekaa nyuma ya tairi hilo hata kuelekea dukani.

Kitambaa cha kufungia ekzosi ndicho kitu ambacho sifa zake zimezidi. Nilichukua roli ya nyuzi za basalti, upana wa sentimita 5, nikailowesha majini, nikaizungusha nikiwa na glavu kwa sababu vinyuzi vyake vinawasha mpaka usiku. Inaonekana vizuri, hilo silikatai. Rangi ile ya majivu na shaba ndiyo inayoiunganisha pikipiki nzima. Mara ya kwanza inatoa moshi wa kumfanya jirani achungulie. Lakini wauzaji wanaosema itaongeza nguvu kwenye injini ya cc 125 wanatafuta wateja tu. Faida ninayoiona ni kwamba mguu hauungui. Hasara yake ni kubwa: kitambaa kinanyonya maji ya mvua na kuyaweka juu ya bomba, na bomba la chuma cha kawaida linaoza chini ya kitambaa bila wewe kuona. Kama bomba lako si la chuma kisichoshika kutu, lipake rangi ya kuhimili joto kwanza, na ukimaliza kupita mvuani liwashe mpaka likauke. Vifungo viwe vya chuma kisichoshika kutu. Waya wa kawaida hukatika.

Sanduku la risasi la M2A1, lile la jeshi la Marekani la risasi za kipenyo cha inchi .50, halina ubaya wowote. Ndani ni kama sentimita 28 kwa 14 kwa 18, kifuniko kina mpira wa kuzuia maji na kinachomoka chote. Spana, tyubu ya akiba, pampu na kopo dogo la grisi vinakaa. Linapokuwa tupu hupiga kelele, basi liwekee kipande cha mpira wa tairi chini.

Matairi ya meno makubwa yanabadilisha kabisa umbo la pikipiki, na kwenye vumbi ni raha tupu. Lami iliyolowa ni hadithi nyingine, na kwa mwendo fulani usukani hutetemeka hadi mikono inakufa ganzi. Pima nafasi ndani ya mkono wa nyuma kabla ya kununua, tena pima tairi likiwa limejazwa upepo, si namba ya ubavuni.

Boksi la filta ya hewa liache. Vile vifilta vidogo vya kuchomeka kwenye kabureta vinaleta hewa nyingi, mchanganyiko unakuwa mkavu, na utajikuta unatafuta jeti za kabureta badala ya kuendesha. Funika boksi kwa gunia likikuudhi.

Waya za umeme nazifanya kinyume cha kila kitu kingine kwenye pikipiki hii: mpya, zilizonyooka, kila mstari na fyuzi yake, zimefungwa vizuri na kufichwa. Uchakavu wote uko nje. Taa ya mbele nimeiwekea wavu wa chuma wenye matundu mapana, kwa sababu matundu madogo hula mwanga, na wavu unafunguka kwa nati mbili ili nifute matope. Indiketa zipo na namba ya usajili inasomeka.

Nani asiichukue CG? Mwenye kupenda barabara kuu za mwendo wa juu, mwenye mwili mkubwa anayetaka na abiria nyuma, na anayetaka tairi pana la kutisha. Hao watafute kitu cha cc 400 kwenda juu chenye breki ya diski mbele, na wajiandae kununua winchi.