"Wahusika wengi", lakini wenye kazi ni wanane

Kwanza niseme nina hasira, kwa hiyo msomaji apunguze mwenyewe panapostahili kupunguzwa.

Mimi ni mlezi wa klabu ya sanaa kwenye sekondari moja ya mchanganyiko hapa Moshi. Mwaka huu Mkuu alitaka mahafali yawe na kitu zaidi ya ngonjera na risala: igizo zima la nyimbo, tena la Kiingereza, wazazi waone ada yao inakwenda wapi. Waliojiandikisha walipita 60 na sharti lilikuwa moja tu, asiachwe mtu. Basi nikaingia kwenye katalogi ya kampuni moja ya nje inayokodisha haki za maigizo ya muziki, nikabonyeza palipoandikwa wahusika wengi, nikaanza kusoma.

Moyoni nilitaka Sarafina! Wanafunzi wa Soweto, 1976, jukwaa karibu lote ni darasa, na mavazi ni sare ambazo watoto wanazo tayari. Mkuu aliposikia kwamba wanafunzi wanaandamana, mjadala ukafungwa. Mkuu gani wa shule ya bweni atakubali watoto wafanye mazoezi ya kugoma muhula mzima? Oliver! ina watoto tele, ila kundi lake kubwa ni wavulana, na klabu yangu imejaa wasichana. Ile ya Yusufu na kanzu yake, ya Andrew Lloyd Webber na Tim Rice, ilitufaa kuliko zote. Ilianza mwaka 1968 kama kazi fupi ya kuimbwa na watoto wa shule moja ya London, karibu yote ni nyimbo, Yusufu ana ndugu kumi na mmoja wa kugawia watu, na hadithi yenyewe wanaijua waliopita Sunday school na waliopita madrasa. Matroni akauliza mke wa Potifa atavaaje. Ikaishia hapo.

Tukaangukia igizo ambalo sitalitaja jina, maana lenyewe halina kosa kubwa. Kosa ni la waliolitangaza. Maelezo yalisema kundi linaweza kupanuka kadiri shule inavyotaka. Tukalipa. Skripti zikaja. Nikakaa nazo ofisini na kalamu nyekundu, nikitafuta mtu mwenye jina na neno la kusema. Wanane! Wengine wote ni "wanakijiji", "watu wa sokoni", "umati". Wanaingia kulia na makapu, wanashangaa, wanatoka kushoto. Ndiyo, kundi linapanuka. Hata stendi kuu ya Moshi inapanuka hivyohivyo, lakini hakuna anayekwenda kule kuangalia maigizo.

Nikasema haidhuru, tutaligawa. Kuna msimulizi mmoja anayeongea mwanzo mpaka mwisho. Nikaiandikia kampuni barua pepe ya heshima kabisa, nikaeleza shule yetu, nikaeleza watoto, nikaomba ruhusa ya kugawa maneno ya msimulizi kwa watoto sita, na wimbo wa sokoni tuuimbe kwa Kiswahili. Jibu lilikuja na sentensi mbili. Hakuna salamu, hakuna jina langu, hakuna hata "asante kwa kutuandikia". Mabadiliko hayaruhusiwi. Kama shule haiwezi kuigiza kazi kama ilivyoandikwa, ichague nyingine.

Ichague nyingine! Hela mmeshaila!

Niliisoma barua ile mpaka nikaikariri. Mtu wa huku hata akikunyima maji atakuuliza kwanza umeamkaje. Na swali la Kiswahili hawakuligusa kabisa, utadhani sikuuliza.

Tuelewane lakini. Sipingi haki za mtunzi. Sisi wenyewe tuna COSOTA, ofisi yetu ya hakimiliki, na Sheria ya Hakimiliki ya 1999, na mimi ni wa kwanza kumkemea mwalimu anayenakili tamthilia ya mtu na kufuta jina lake. Kwamba bei inategemea idadi ya maonyesho, ukubwa wa ukumbi na kiingilio, hilo ni sawa. Kwamba vitabu vya nyimbo ni vya kukodi, virudishwe vikiwa vimefutwa penseli zote, sawa, tutafuta. Kwamba kurekodi video kunataka kibali kingine, hapo nilicheka peke yangu. Njoo wewe uwaambie wazazi wa Kilimanjaro siku ya mahafali waweke simu mfukoni. Linalonikera ni moja: wanajua umati wao hauna kazi, na bado wanauuza kama nafasi. Igizo la namna hiyo ni pombe ya mbege isiyo na ulezi.

Mavazi tulipata soko la Memorial kwa bei ya kawaida, hayo hayana habari.

Siku yenyewe bwalo lilijaa. Mapumziko yalipofika mama mmoja akanifuata nyuma ya pazia, kitenge cha harusi na kilemba juu. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba bila kupunguza mwendo. "Mwalimu, mimi nimetoka Rombo alfajiri. Mwanangu amepita na kapu mara mbili. Hilo kapu lina nini?" Nikaanza kumweleza habari za leseni na masharti ya kampuni. Akanikata. "Mwanangu anaongoza kwaya ya vijana usharikani. Nyie mmemfanya mpita njia." Akageuka, akaondoka. Nisingeweza kumjibu, kwa sababu alikuwa anasema maneno yangu mwenyewe, ila yeye aliyasema vizuri zaidi. Ile barua ya sentensi mbili ningempa yeye aijibu.

Sasa hapa ndipo ninapojikanganya, mnivumilie. Sehemu ya pili ina wimbo mmoja ambao kijiji kizima kinaimba, sauti nne, hakuna kiongozi. Hawa ni watoto waliolelewa kwenye kwaya za KKKT na za Kikatoliki, soprano na alto wanazijua kabla ya hesabu. Walipofika kiitikio, wa tenor na wa besi wakaingia, na wapishi wakatoka jikoni na miko yao. Wale wanane wenye majina hawakusikika kabisa. Umati ulikuwa umekula igizo. Nikamtafuta mama wa Rombo kwa macho nikamwona amesimama juu ya benchi, simu juu, anarekodi bila kibali cha mtu yeyote, na mimi mwenye leseni mfukoni sikumkataza.

Kwa hiyo nyimbo nazipa nyota tano. Uandishi wa wahusika, mbili. Wimbo ule peke yake ulitaka kunifanya niweke jumla ya igizo iwe nne, na jana nilikuwa nimeshaandika nne kweli. Halafu asubuhi hii kampuni ikanitumia ujumbe, bila salamu tena, kwamba kitabu kimoja kati ya vile tulivyorudisha kina alama za penseli ukurasa wa wimbo wa sokoni, kwa hiyo watakata kwenye amana.

Nyota moja.