TAHADHARI: Muuza "IronRuby 2.0" anazunguka Tanga

Salaam mafundi wenzangu wa Tanga, Muheza, Pangani na Korogwe. Mie nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, na naandika kabla mwenzangu mwingine hajalibeba gunia hilo hilo.

Kuna mzee ana duka la vipuri Ngamiani, huku kwenye barabara zetu za namba. Mfumo wake wa stoo uliandikwa mwaka 2010 na kijana ambaye alishahama mji zamani. Programu yenyewe imeandikwa kwa lugha ya C#, ila kanuni za bei, punguzo la mafundi na madeni ya mwisho wa mwezi ziko kwenye mafaili madogo ya lugha nyingine, Ruby, ili zibadilishwe bila kuifumua programu nzima. Anayeyasoma mafaili hayo ni IronRuby. Kompyuta ikafa. Data tuliokoa, IronRuby haikuwemo. Kila asubuhi mzee ananipigia: "Mwanangu, mfumo wangu vipi? Nauza kwa daftari kama marehemu baba."

Kwa wasioijua, IronRuby ni Ruby iliyotengenezwa ikae ndani ya .NET, jukwaa la Microsoft la kuendeshea programu kama hizo za C#. Ukisakinisha Ruby ya kawaida hujafanya kitu, kwa sababu programu inatafuta faili liitwalo IronRuby.dll pembeni yake na kuliita kutoka ndani. Microsoft waliitangaza 2007, toleo 1.0 likatoka Aprili 2010, na mwaka huo huo wakajitoa, kazi ikabaki kwa watu wa kujitolea. Toleo la mwisho ni 1.1.3, la mwaka 2011. Makao yake ya zamani yalikuwa CodePlex, tovuti ya Microsoft ya programu huria, ambayo nayo ilifungwa 2017, ndiyo maana viungo vingi utakavyovibonyeza vimekufa. Kitu kikishakuwa adimu namna hiyo, wajanja hawakosi.

Nikauliza kwenye kundi moja la Telegram. Robo saa haikuisha, mtu kaja inbox: anayo "IronRuby 2.0 kamili, leseni ya maisha", laki na themanini. Anasema yupo Chumbageni, "tuonane hata kesho kaka", lakini kila nikitaja mahali ana msiba au yuko njiani kwenda Handeni. Toleo 2.0 halijawahi kutoka, na mie nalijua hilo. Lakini mzee anapiga simu, nikajiambia labda kuna mtu aliiendeleza kimya kimya. Nikatuma nusu, 90,000, kwa simu.

Likaja faili la zip lenye nywila, na maelekezo: zima kwanza antivirus. Ndani kuna faili moja, alama yake ya gia kama dll yoyote, jina IronRuby.dll. Kilichoniokoa ni mazoea tu, kompyuta yangu ya majaribio niliiweka Windows yake ionyeshe mikia ya majina, yaani herufi za mwisho kama .dll au .exe. Nilipolihamishia kwenye kompyuta yangu ya majaribio, isiyo na intaneti, jina likasomeka lote: IronRuby.dll.exe. Dll halisi haibonyezwi ikafunguka, inaitwa na programu nyingine; exe ndiyo programu inayowaka ukiibonyeza. Hii ilikuwa inasubiri kidole changu.

Nikamuuliza. Akajibu: "Hiyo ndo installer yake kaka, malizia nusu nikupe ufunguo wa leseni." Ufunguo gani? IronRuby ni programu huria, leseni yake ni Apache 2.0, haina ufunguo na haijawahi kuwa na ufunguo. Nilipomwandikia hivyo akaniblock.

Sasa pa kuipata, bure. Pekua kwanza kwa mteja: flashi kuukuu, diski ya kompyuta iliyokufa, hata CD za mfumo wenyewe. Ukikosa, nenda NuGet, hazina ya mtandaoni ya vifurushi vya .NET, kifurushi cha IronRuby 1.1.3 bado kipo. Kipakue, badilisha mkia wa .nupkg uwe .zip, kifungue kama zip nyingine yoyote. Msimbo wake uko GitHub chini ya IronLanguages. Angalieni na jambo moja lililonila saa nzima: IronRuby hutembea na mafaili mengine mawili, Microsoft.Scripting.dll na Microsoft.Dynamic.dll. IronPython, ndugu yake wa lugha ya Python, nayo hutumia mafaili yenye majina hayo hayo, na yenyewe bado inatunzwa, kwa hiyo ni rahisi kuchukua yake mapya. Ukichanganya matoleo, programu inagoma kuwaka na ujumbe wake haukuambii kitu cha maana.

Mfumo wa mzee unafanya kazi tangu juzi. Ile 90,000 nimeilipa kutoka mfukoni mwangu, sikuweza kumtwisha yeye ujinga wangu. Namba ya tapeli na meseji zake nimezipeleka 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, haikatwi hela, nanyi mkipata za kwenu zipelekeni huko. Picha za mazungumzo ninazo, anayetaka kulinganisha namba aje inbox.

Jana karudi kwenye kundi kwa jina jingine na picha ya mtu mwingine. Safari hii anauza "Silverlight 6". Silverlight, programu ya Microsoft ya kwenye kivinjari, iliishia 5.