Kuogelea katika Mto Seine, Paris: tathmini ya huduma ya kiangazi cha 2025

Tuanze na bendera, kwa sababu ndiyo inayoamua kama safari yako itakuwa na maana. Kijani: ingia. Njano: ingia, lakini mkondo una nguvu, kwa hiyo wasiojiamini wabaki nje. Nyekundu: pamefungwa. Nyekundu inaweza kupepea hata siku ya jua kali na anga safi, endapo jana yake mvua ilinyesha. Wageni wengi hilo linawashangaza. Maeneo yalifunguliwa tarehe 5 Julai, na hazikupita siku mbili mvua ikaleta bendera nyekundu. Angalia hali ya siku kwenye tovuti ya jiji kabla hujapanda metro.

Sababu iko chini ya barabara. Mji wa kale wa Paris una bomba moja linalobeba maji ya mvua pamoja na maji taka ya majumbani. Mvua ikizidi uwezo wa bomba, ziada humwagwa mtoni, maana la sivyo itapanda kupitia chemba hadi mitaani na vyumba vya chini ya nyumba. Vijidudu vya kinyesi huongezeka ndani ya saa chache, kisha hupungua kadiri mkondo unavyovisukuma na jua linavyoviua. Kanuni za Ulaya kwa mito na maziwa zinaweka ukomo wa maji yenye ubora "unaotosha" kwenye E. koli (bakteria wa kinyesi) 900 kwa kila mililita 100. Shida ni kwamba kuotesha vijidudu maabara huchukua karibu siku nzima, hivyo jibu la leo linaeleza maji ya jana. Ndiyo maana waendeshaji hutazama pia mvua na kasi ya mto, na wakiwa na shaka hufunga. Tunawaunga mkono. Huduma ya namna hii hupimwa kwa uthubutu wa kufunga, hata foleni ikiwa ndefu.

Marufuku ya kuogelea hapa iliwekwa mwaka 1923. Kuiondoa kulihitaji kazi iliyogharimu takriban yuro bilioni 1.4, na sehemu kubwa yake mwogeleaji haioni: nyumba za upande wa juu wa mto zilizokuwa zimeungwa kwenye bomba lisilo lake, mashua za kuishi zilizokuwa zikimwaga choo mtoni, na mitambo ya kusafisha maji taka iliyoongezewa hatua ya kuua vijidudu. Karibu na stesheni ya Austerlitz limechimbwa tangi la mita za ujazo 50,000, linaloshika maji ya mvua kubwa hadi bomba lipate nafasi. Tangi hilo lina ukomo wake. Mvua iliyosababisha triathloni ya wanaume ya Olimpiki ya 2024 kuahirishwa kutoka Julai 30 hadi 31 ilinyesha wakati tangi limekwisha kuzinduliwa. Mkazi wa Jangwani, Dar es Salaam, hahitaji kuelezwa zaidi jinsi mvua inavyokusanya uchafu wa bonde zima kwa mara moja.

Maeneo ni matatu, yote bila kiingilio. Bercy, ng'ambo ya Maktaba ya Taifa, ndilo kubwa. Shuka stesheni ya Quai de la Gare, njia ya 6 ya metro. Anayetaka kuogelea kweli, kwenda na kurudi, aende hapa. Bras Marie, karibu na kisiwa cha Saint-Louis, shuka Pont Marie, njia ya 7. Hapa siku nyingi huduma ilikuwa ya asubuhi tu, kwa sababu baadaye njia hiyo ya maji huachiwa vyombo vya majini. Ni padogo, lakini kuelea katikati ya kuta zile za mawe za kale ni raha isiyopatikana kwenye bwawa lolote. Grenelle, jirani na Mnara wa Eiffel, shuka Bir-Hakeim. Kwetu Bercy ni la kwanza, Bras Marie la pili.

Utaratibu: acha vitu kwenye kabati, oga, pokea boya la njano na ulifunge kiunoni, kisha teremka kwa ngazi. Boya ni lazima hata kwa bingwa, kwani maji ni ya kijani na mwokoaji hamwoni aliyezama. Usiruke kwa kichwa. Miguu haitagusa chini, na mkondo upo hata kama uso wa maji umetulia: anza kwa kupanda dhidi yake ukiwa na nguvu, urudi nao ukiwa umechoka. Wengi hufanya kinyume, wakajikuta wanang'ang'ania kamba.

Usiyameze maji. Mwenye kidonda kibichi asiingie, maana mkojo wa panya hueneza leptospirosisi, ile ambayo Tanzania inaitwa homa ya mgunda. Ukitoka oga kwa sabuni. Ukipata homa na maumivu ya misuli katika wiki mbili tatu zinazofuata, mwambie daktari kwamba uliogelea mtoni, maana bila hilo anaweza kudhani ni mafua.

Kasoro kubwa tunayoiona ni kwa familia. Mto huu haufai kwa mtoto anayejifunza. Wenye watoto waende bonde la La Villette, kaskazini-mashariki, ambako jiji limeweka mabwawa yanayoelea tangu 2017. Yapo matatu, lenye kina kifupi kabisa likiwa na sentimita 40, na hapo pia ni bure. Fikeni mapema, mchana wa joto foleni huzunguka ukingo.