Mnatafuta Mtoto? Cha Kununua Kwanza, cha Kusubiri, na cha Kuacha Dukani

Wengi wanaotafuta mtoto huanza na kitu cha bei kubwa kuliko vyote: chupa ya dawa ya "kusafisha kizazi". Sisi tumepanga kinyume, kwa kuangalia pesa yako inakusogeza kiasi gani kuelekea mimba salama.

1. Foliki asidi

Haiharakishi mimba, na bado tunaiweka ya kwanza. Uti wa mgongo wa mtoto hufungika ndani ya wiki nne za mwanzo, wakati mama wengi hata hawajajua kama wana mimba. Ukisubiri kuanza kliniki umechelewa. Kazi yake ni kupunguza hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi.

Kiwango cha kawaida ni mikrogramu 400 kwa siku (miligramu 0.4), kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya mimba hadi wiki ya 12. Soma pakiti vizuri, maana famasi nyingi zina kidonge cha miligramu 5, ambacho ni zaidi ya mara kumi ya kiwango hicho. Hicho kikubwa ni cha mwenye sababu: aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, anayetumia dawa za kifafa, mwenye kisukari au selimundu. Ukiwa mmoja wao, muone daktari akuandikie. Vidonge vya FEFO vina foliki pamoja na madini ya chuma; angalia kiasi cha foliki kilichoandikwa. Hakuna haja ya kununua kopo la vitamini ishirini.

2. Vipimo vya mkojo vya kupevuka kwa yai

Yai likitoka huishi saa 12 hadi 24 tu, lakini mbegu za mwanaume huweza kukaa hai ndani ya mwanamke hadi siku 5. Ndiyo maana siku zinazofaa ni zile sita zinazoishia siku yai linapotoka, zilezile ambazo mtaani huitwa siku za hatari. Kipimo hiki hushika homoni ya LH, ambayo hupanda saa 24 hadi 36 kabla ya yai kutoka.

Nunua vile vya karatasi, vilivyofungwa kimoja kimoja, vilivyoandikwa 25 mIU/ml. Kwa mwezi utahitaji kama 7 hadi 10. Angalia tarehe ya kuisha, na usinunue kwenye duka ambalo boksi limeanikwa dirishani juani; joto huviharibu. Hakikisha pakiti imeandikwa LH na si HCG, kwa sababu hicho cha pili ni cha mimba na vinafanana sana.

Kujua siku ya kuanza kupima, chukua urefu wa mzunguko wako utoe 17. Mzunguko wa siku 28, anza siku ya 11. Wa siku 32, anza siku ya 15. Kama unabadilika-badilika, tumia ule mfupi kuliko yote. Pima kati ya saa nne asubuhi na saa mbili usiku, saa ileile kila siku, na saa mbili kabla ya kupima usinywe maji mengi. Chovya bila kuvuka mstari wa mwisho, laza kipimo, soma dakika ya 5. Baada ya dakika 10 kisiaminiwe tena.

Kosa linalorudiwa zaidi liko kwenye kusoma. Kwenye kipimo cha mimba mstari hafifu unahesabika. Kwenye hiki hauhesabiki. Mstari wa majibu lazima ukolee sawa na ule wa kulinganishia, au kuuzidi. Ukiupata, kutaneni siku hiyo na kesho yake. Mwenye tatizo la vifuko vingi kwenye ovari anaweza kuona mistari iliyokolea siku nyingi bila yai kutoka. Kwake pesa hii ni afadhali iende kwa daktari.

Vifaa vya kidijitali vinavyoonyesha alama ya tabasamu hupima homoni ileile kwa bei kubwa zaidi. Na mkikutana kila baada ya siku mbili au tatu mwezi mzima, mnaweza kuishi bila kipimo chochote.

3. Kipimo cha mbegu za mwanaume

Hiki kingestahili kuja mapema zaidi katika nyumba nyingi. Mke hunywa dawa miaka miwili, mume hajapimwa hata mara moja. Ni kipimo kimoja, hakiumi.

Akae siku 2 hadi 7 bila kutoa manii. Akusanye yote kwenye kikopo cha maabara. Kama tone la kwanza limemwagika aseme, maana ndilo lenye mbegu nyingi. Asitumie kondomu, sabuni wala mate. Akitolea nyumbani, kifike maabara ndani ya saa moja kikiwa karibu na mwili, si kwenye barafu.

Kwa viwango vya WHO vya mwaka 2021, mipaka ya chini ni manii mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa mililita, na asilimia 42 zinazotembea. Kuwa chini yake si hukumu. Homa kali hushusha mbegu kwa wiki kadhaa, hivyo rudieni baada ya miezi mitatu. Anayechoma testosteroni kwa ajili ya misuli aongee na daktari kuhusu kuiacha: huzima utengenezaji wa mbegu.

4. Kipimajoto cha desimali mbili

Kinachosoma 36.4 hakitoshi, tafuta kinachosoma 36.45. Pima kabla ya kuinuka kitandani. Joto hupanda nyuzi 0.2 hadi 0.5 baada ya yai kutoka, kwa hiyo kinakuambia lililokwisha kupita. Malaria na zamu za usiku huvuruga majibu.

5. Kilainishi

Kama mnakihitaji tu. Mate, mafuta ya zeituni na jeli nyingi za maji hupunguza mwendo wa mbegu. Chagua kilichoandikwa wazi kuwa ni cha wanaotafuta mimba.

Usinunue

Dawa za kuweka ukeni: huvuruga bakteria walinzi na kuongeza hatari ya maambukizi. Klomifeni (vidonge vya kuchochea yai lipevuke) bila daktari: kama mirija imeziba au mbegu ni chache, haikusaidii kitu, na inaweza kuleta mapacha au uvimbe kwenye ovari. Aliyetoka kwenye sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu asikimbilie dawa. Uwezo wa kushika mimba huweza kuchukua miezi 10 hivi kurudi tangu sindano ya mwisho.

Muoneni daktari baada ya mwaka mmoja wa kujaribu, au miezi 6 kama mke ana miaka 35 na kuendelea. Aliyewahi kutunga mimba nje ya kizazi au kuugua maambukizi ya nyonga asisubiri. Nendeni wote wawili, na mbebe tarehe za hedhi za miezi sita.