Uzoefu wangu na programu ya masafa ya ndege: kutoka Pemba hadi Maskati

Mwezi uliopita nilimkatia mama tiketi ya kwenda Maskati kumtazama dada aliyejifungua. Mama ana maradhi ya sukari, na ilinilazimu nijue mapema sindano yake ya jioni itamkuta wapi, kwa hiyo nilitumia programu ya simu inayotaja masafa na muda wa kuruka baina ya viwanja viwili vya ndege.

Kwa masafa sina lawama nayo. Kutoka Uwanja wa Abeid Amani Karume, Unguja, hadi Maskati ilinipa kilomita zipatazo 3,900, yaani maili za baharini 2,110 hivi, na mstari iliouchora ulipita juu ya Somalia na Bahari ya Arabu, kwa sababu hupima njia iliyo fupi kuliko zote kwa kufuata mviringo wa dunia. Rubani hafungwi na mstari huo, maana naye ana njia za anga za kufuata, mawingu ya kuyakwepa na zamu ya kutua ya kuisubiri.

Muda ndio ulionitia wasiwasi. Programu iliandika saa nne na dakika 35, na kwa safari ya Pemba hadi Unguja, ambayo ni kilomita 125 hivi, ikaandika dakika tisa. Sisi tuliozoea kupanda ndege za Chake Chake tunajua kuwa ni nusu saa. Nilipopiga hesabu mwenyewe nikaona inagawa masafa yote kwa kilomita 850 kwa saa, ambao ni mwendo wa ndege kubwa ya jeti ikishatulia angani, bila ya kuhesabu kupaa wala kushuka. Na ndege zetu ndogo za injini moja ya pangaboi huenda kiasi cha kilomita 300 tu kwa saa. Anayeitumia kwa safari ndefu aongeze dakika 40, na kwa safari za visiwani agawe mwenyewe kwa 300.

Jambo jengine ni saa. Tiketi ilionyesha kuondoka 16:30 na kufika 22:45, na dada akadhani mama atakaa angani zaidi ya saa sita, kumbe Omani wametutangulia kwa saa moja na safari ni saa tano na robo. Programu haikulitaja hilo popote. Nilimwandikia mama kwenye karatasi, kwa hesabu yetu ya Kiswahili, kwamba atachoma sindano saa moja usiku kwa saa ya Zanzibar, chakula kikishaletwa, nikaitia ndani ya jalada la pasi yake. Alichoma wakati huohuo, na saa yake ya mkono hakuisogeza hata alipofika kwa dada.

Watengenezaji wakiongeza sehemu ya kuchagua aina ya ndege, na wakaonyesha tofauti ya saa baina ya nchi mbili, nitaitumia tena mama atakaporudi.